Siku Thelathini za Kusubiri: Jarida la Katuni la Kila Mwezi Lijazwe Nini?

Kila msomaji wa hadithi za picha analijua neno "itaendelea". Unafika ukurasa wa mwisho, shujaa amening'inia ukingoni, na mwandishi anakuacha papo hapo. Kwa jarida la kila wiki, kiu hiyo hukatwa baada ya siku saba. Kwa jarida la kila mwezi, msomaji husubiri siku thelathini, na katika siku hizo hupata muda wa kutosha kupima alichouziwa. Kilikuwa na uzito? Kilistahili fedha yake?

Maswali hayo yamewagawa wasomaji wa jarida moja la Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Jarida hilo ni Judge Dredd Megazine, na historia yake inamfaa yeyote anayependa katuni, kwa sababu karibu kila jibu linaloweza kutolewa kwa swali hili limewahi kujaribiwa humo.

Chimbuko lake ni jarida la kila wiki liitwalo 2000 AD, lililoanza kuuzwa Februari 1977. Katika toleo la pili, mwezi Machi, alitokea Judge Dredd, mhusika aliyebuniwa na mtunzi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra. Dredd ni askari na hakimu kwa pamoja katika jiji kubwa la siku zijazo liitwalo Mega-City One. Humkamata mkosaji, humhukumu na kumpa adhabu palepale barabarani. Tangu mwanzo wasomaji waliombwa kutaja hadithi walizozipenda zaidi, na Dredd akapanda upesi hadi kileleni. Ndiyo kusema, mashabiki hawa walizoeshwa mapema kwamba kauli yao ina uzito katika kuamua kinachochapwa.

Hadithi za 2000 AD zilikuwa fupi, aghalabu kurasa tano au sita kwa wiki. Mtunzi alilazimika kufungua tukio, kulikoleza na kulikata kwa kishindo ndani ya nafasi hiyo ndogo. Mtindo huo uliwanoa watunzi wengi hodari, lakini ulikuwa na mipaka yake. Huzuni haikupata pa kutulia, na mtu wa kawaida wa Mega-City One alipita mbele ya macho ya msomaji kisha akasahaulika.

Mwaka 1990 ukaja uamuzi wa kumpa Dredd jarida lake la kila mwezi. Toleo la kwanza lilibeba tarehe ya Oktoba mwaka huo, chini ya Steve MacManus, aliyewahi kuihariri 2000 AD kwa miaka mingi. Miongoni mwa hadithi za toleo hilo ilikuwamo "America", iliyotungwa na Wagner na kuchorwa kwa rangi na Colin MacNeil.

"America" ilionyesha kile ambacho mwezi unaweza kukibeba na wiki haiwezi. Inahusu watoto wawili waliokua pamoja: Bennett Beeny, na msichana aitwaye America Jara, binti wa wahamiaji waliompa jina hilo kwa matumaini ya nchi waliyoikimbilia. Beeny anakuwa msanii tajiri. America anajiunga na wanaopigania demokrasia kwa silaha, katika jiji ambalo mahakimu wameifuta. Dredd hapa si shujaa wa kushangiliwa. Ni mkono wa dola, na msomaji aliyempenda tangu utotoni analazimika kumtazama kwa macho ya anayekandamizwa. Hadithi ilienda kwa sehemu saba, kila sehemu ikiwa na nafasi ya kupumua. Hadi leo mashabiki wanaobishana kuhusu kila kitu kingine hukubaliana kwamba hiyo ni kati ya kazi bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu Dredd.

Mabishano yenyewe yalipamba moto mwaka 1992, jarida lilipoanza awamu ya pili na kutoka kila baada ya wiki mbili. Kurasa za kujaza ziliongezeka, na Dredd peke yake asingezitosha. Wahariri wakapanua ulimwengu wake. Alikuwapo Devlin Waugh, mtumishi wa Vatican anayepambana na mapepo, kazi ya John Smith na Sean Phillips. Alikuwapo mpelelezi Armitage wa Uingereza ya siku zijazo, na Shimura, hakimu wa Japani. Paul Cornell na mchoraji Siku, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, wakaleta "Pan-African Judges", hadithi ya mahakimu wa bara la Afrika.

Hapo mashabiki wakagawanyika. Kundi moja lilishikilia kuwa jarida lenye jina la Dredd lina wajibu wa kumpa msomaji Dredd na jiji lake, na kwamba mahakimu wa kila pembe ya dunia wanapunguza ladha. Kundi la pili likasema jiji moja huchosha, na kwamba jarida la mkusanyo ni shamba la mbegu. Upande huu una ushahidi mzito. Mwaka 1993 humo humo ndimo alimotokea mchoraji kijana wa Scotland, Frank Quitely, akichora hadithi ya "Missionary Man" iliyotungwa na Gordon Rennie. Baadaye Quitely alichora X-Men na Superman nchini Marekani, akawa miongoni mwa wachoraji wanaoheshimiwa sana katika fani. Kama wahariri wangeshika Dredd mtupu, kipaji hicho kingelazimika kutafuta mlango kwingine.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja na filamu. Mwaka 1995 Sylvester Stallone aliigiza kama Judge Dredd, na wachapishaji walitarajia wasomaji wapya kwa wingi. Filamu haikufanya vizuri, na wimbi lililotarajiwa halikuja. Bajeti ikabanwa. Jarida likarudi kutoka mara moja kwa mwezi, kurasa mpya zikapungua, na nafasi iliyobaki ikajazwa kwa kazi zilizokwisha kuchapwa kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya jarida ilichukuliwa na "Preacher" ya Garth Ennis na Steve Dillon, hadithi ya Kimarekani isiyo na uhusiano wowote na Mega-City One.

Waliotetea hatua hiyo walikuwa na hoja. "Preacher" ilikuwa kazi nzuri, waumbaji wake wote wawili waliwahi kufanya kazi 2000 AD, na bila hadithi za kurudiwa huenda jarida lingekufa kabisa. Waliopinga nao walikuwa na yao. Mnunuzi wa jarida la kila mwezi hulipia kitu ambacho hajakisoma. Ukimuuzia alichokwisha kukinunua, umemfunza kwamba anaweza kuruka toleo na asikose kitu. Naamini hawa wa pili walikuwa na haki zaidi, ingawa wa kwanza ndio waliolivusha jarida kwenye kipindi kigumu.

Mwaka 2000 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Rebellion, ya Oxford, ilinunua 2000 AD pamoja na Megazine. Wamiliki wapya walikuwa wapenzi wa katuni, na hadithi mpya zikaongezeka. Hata hivyo, mchanganyiko haukuisha. Ziliingia makala za maandishi: mahojiano na wachoraji, historia ya katuni za Uingereza, uchambuzi wa vitabu na filamu. Ilirudiwa pia "Charley's War" ya Pat Mills na Joe Colquhoun, hadithi ya askari kijana katika Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka 1979. Baadaye hadithi za zamani zikawekwa katika kijitabu cha pembeni kilichofungwa pamoja na jarida.

Hata makala hizo zilileta ubishi. Wapo wasomaji waliozihesabu kuwa kurasa zilizoibwa kwa hadithi, na wapo waliozisoma kwanza kabla ya kugusa picha yoyote. Kijitabu cha pembeni, kwa upande wake, kilikuwa suluhu ya busara: asiyetaka marudio angeweza kukiweka kando, na jarida lenyewe likabaki na kazi mpya.

Katika safari hii yote, msimamo wangu umetulia mahali pamoja. Urefu wa mwezi ndio unaopaswa kuamua yaliyomo. Msomaji aliyesubiri siku thelathini anastahili hadithi yenye uzito wa siku thelathini: sehemu ndefu inayosimama yenyewe, au kisa kinachoanza na kukamilika ndani ya toleo moja. Kando yake apewe kitu kigeni cha kumshangaza, na makala inayomfundisha jinsi sanaa hii inavyofanywa. Marudio yawe kiungo, yasiwe chakula.

Ushahidi wangu ni ile ile "America". Mwaka 2006 Wagner na MacNeil waliirudia katika "Cadet", humo humo ndani ya Megazine. Binti aliyezaliwa kutokana na mkasa wa Beeny na America alikuwa amekua, na sasa alikuwa mwanafunzi wa uhakimu akifanya kazi chini ya Dredd. Kwa kuwa Dredd huzeeka mwaka kwa mwaka pamoja na wasomaji wake, wale waliomsoma America Jara mwaka 1990 walikuwa wamekua pamoja na binti huyo.

Anayetaka kuanzisha jarida la katuni la kila mwezi kwa Kiswahili, na natamani apatikane, asianze kwa kuhesabu kurasa za kujaza. Atafute kwanza hadithi moja ambayo msomaji atakubali kuisubiri mwezi mzima, kisha awaache wasomaji wabishane kuhusu zilizobaki. Siku watakayoacha kubishana ndiyo siku ya kuogopa.