Silinda Iliyokwama

Mama yangu husema mimi ni mtoto wa bunduki iliyokwama. Nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa njiani kuelekea ziwani, usiku, na mtu mwenye silaha akatusimamisha. Alivuta, ikalia "ka", basi. Akavuta tena, ikagoma. Akaanza kuipigapiga kwa kiganja huku akitukana, na hapo mama akanibeba, akaingia na mimi kwenye shamba la mihogo. Hadithi yenyewe ni hiyo tu. Mama hapendi kuulizwa mara ya pili.

Kwa hiyo neno "kukwama" kwangu mimi si neno dogo. Mwaka jana, kwenye karakana yetu ya vijana, kijana mmoja anayejifunza kutengeneza cherehani alinionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa rivolva ndogo ya zamani, ya kutosha kiganjani. Mzungu mmoja alikuwa ameinunua kama kitu cha kale cha kuweka nyumbani, sasa analalamika kwamba silinda inakwama. Kijana akaniuliza, "Kaka, hii wanaitengenezaje?"

Nilitaka kumfokea. Kisha nikaona ameuliza kama fundi, si kama mtu anayetaka vita. Nikaenda kusoma kidogokidogo, kila nilipopata bando. Haya ndiyo niliyoyakuta. Wakaazi wenzangu, na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida letu, mnivumilie: makala hii si ya kusifu silaha.

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Silinda ina matundu, na kila tundu lina risasi yake. Samuel Colt alipata haki ya uvumbuzi wa rivolva yake huko Marekani mwaka 1836. Enzi hizo risasi haikuwa kitu kimoja kama tunavyoijua. Mtu alimimina baruti kwenye kila tundu kwa mbele, akashindilia kigololi cha risasi, halafu nyuma ya tundu akavika kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Kikofia kikilipuka kinapasuka, na vipande vyake mara nyingine viliangukia ndani ya mitambo. Na baruti ya zamani ilikuwa na masizi mengi. Yalishika kwenye mhimili, silinda ikawa nzito, mwisho ikagoma. Kumbe kukwama ni ugonjwa ambao silaha hii ilizaliwa nao.

Wakatokea watu wawili wa Springfield, jimbo la Massachusetts: Horace Smith na Daniel Wesson. Wao walitaka baruti, dawa ya kulipuka na risasi vikae pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Lakini ganda kama hilo huingizwa kwa nyuma, kwa hiyo matundu ya silinda lazima yatobolewe yatokeze upande wa pili. Haki ya kutengeneza silinda ya namna hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, Rollin White, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha Colt. Aliipata tarehe 3 Aprili 1855. Mwaka 1856 wakakubaliana: kila rivolva moja, White apate senti 25. Mwaka 1857 wakatoa bastola yao ya kwanza ya aina hiyo, Model 1. Ilikuwa ndogo, yenye matundu saba.

Na yenyewe ikaja na kukwama kwake. Dawa ya kulipuka ilikuwa imewekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo ya bastola inagonga ukingo huo. Ili ukingo ubonyee, shaba lazima iwe nyembamba na laini. Sasa shaba laini, moto ukiwaka ndani, inavimba. Kitako kilivimba kwenda nyuma, kikabana ukuta wa chuma, na silinda haikuweza kuzunguka vizuri kwenda kwenye risasi inayofuata.

Ukiangalia haraka utasema silinda ndiyo mbovu. Hapana. Silinda ni nzima, ila kuna kitu kinaisukuma. Na huwezi tu kuchukua tupa ukapunguza chuma ili nafasi iwe kubwa, kwa sababu ganda likikosa cha kuliegemeza nyuma linavimba zaidi au linapasuka. Smith na Wesson waliweka nyuma ya silinda sahani ndogo ya chuma inayozunguka pamoja nayo. Ganda lililovimba likibana, linaibana sahani, na sahani inakwenda nalo. Hakuna kukwaruzana, hakuna kugoma.

Niliposoma hapo nilicheka kwa furaha, kusema kweli. Fundi yeyote atacheka. Halafu mwili ukaniingia baridi. Nilimkumbuka yule mtu akiipigapiga bunduki yake. Yake haikuwa rivolva, ilikuwa ndefu, lakini jambo ni lile lile. Kila mara fundi mahali fulani alipoondoa kikwazo kimoja, kuna mtu upande wa mbele wa mtutu aliyepoteza nafasi ya kukimbilia mihogoni.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaingia vitani wao kwa wao, mpaka 1865. Model 1 haikuwa silaha rasmi ya jeshi, na risasi yake ilikuwa na nguvu ndogo, lakini askari wengi walijinunulia kwa fedha zao. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 250,000.

Mnadhani Rollin White alitajirika? Mkataba wake ulisema kwamba mtu akiiba wazo hilo, White mwenyewe ndiye aende mahakamani, si kampuni. Na wezi walikuwa wengi. Alipokea takriban dola 71,000, na sehemu kubwa ikaliwa na kesi. Haki yake ilipoisha mwaka 1869, aliomba Bunge limsaidie aongezewe muda. Bunge likakubali, lakini Januari 1870 Rais Ulysses Grant akakataa kutia sahihi. Mkuu wa idara ya silaha za jeshi alikuwa ameandika kwamba haki ya White ililisumbua jeshi wakati wa vita, maana wengine hawakuruhusiwa kutengeneza bastola za namna hiyo. Mimi hapo nilisimama kidogo. Kwa miaka kadhaa ya vita, silaha hiyo ilikuwa imekwama pia kwenye karatasi, na wakubwa walilalamikia karatasi. Hawakulalamika kwamba inaua.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea. Ili vipuri vya bunduki vilingane, kimoja kiweze kuingia mahali pa kingine, viwanda vya silaha vya Marekani vilitengeneza mashine za kukata chuma kwa vipimo. Mafundi waliojifunza humo walihamia kwingine pamoja na ujuzi wao. Wengine walikwenda kwenye viwanda vya cherehani. Kule Hartford, kampuni ya cherehani ya Weed ilifanya kazi ndani ya jengo lililokuwa la bunduki za Sharps, na mwaka 1878 ikaanza kutengeneza baiskeli humo humo. Remington, watengeneza bunduki, walitengeneza cherehani na mashine za kuchapa.

Jumamosi iliyofuata nikamjibu yule kijana. Nilimwambia wanaotunza rivolva hizo za kale, kwanza kabisa huhakikisha haina risasi. Halafu husafisha, maana mafuta ya miaka mingi yanakauka na kuganda kama gundi, yakichanganyika na masizi na kutu. Mara nyingi kukwama kote ni uchafu tu. Kisha huangalia ni kitu gani kinagusa kitu gani. Tupa ni ya mwisho kabisa, na wengi hawaishiki, kwa sababu chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, na kile kitu cha kale kinapoteza thamani.

Mbele yake kulikuwa na cherehani iliyogoma tangu Alhamisi. Gurudumu halizunguki. Alikuwa tayari ameshika bisibisi, anataka kuifumua yote. Nikamwambia, "Hebu angalia kwanza kinachoisukuma." Akafungua chini kwenye bobini, akatoa uzi uliojisokota na pamba la vumbi kama kiota cha ndege. Akatia mafuta tone moja. Gurudumu likazunguka.

Akafikiri, akasema, "Kaka, kwa hiyo bunduki ndiyo mama wa cherehani?"

Nikamwambia si mama. Wamekulia nyumba moja, mmoja akaenda huku, mwingine kule. Vyuma havikuchagua, watu ndio walichagua. Na wewe mikono yako inajua sasa kazi ambayo ingeweza kwenda pande zote mbili. Hakujibu. Sina hakika kama jibu langu linatosha, maana hapa kambini kuna vijana ambao mtu mwingine aliwachagulia wakiwa wadogo.

Jioni nikamsimulia mama habari ya ile sahani ndogo inayozunguka, iliyowekwa ili silaha isikwame. Alikuwa anakunja pindo la sare ya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Yule mtu hakuwa nayo," akasema, akanipa sindano nimtungie uzi.