Kijiji kama Ishara ya Usawa: Mtazamo kutoka Kyela
Katika “Harrison Bergeron” (1961), hadithi fupi ya Kurt Vonnegut, usawa wa kulazimishwa unaashiriwa na mizigo wanayobebeshwa wenye nguvu. Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka (1979), unaashiriwa na kijiji cha ujamaa wanakohamishiwa watu kwa nguvu. Ishara hii ya pili ina historia nyingine Kyela, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Monica Wilson (1951) alieleza jinsi vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walivyojijengea kijiji chao, wakila na kuzungumza pamoja. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa amri ya serikali. Ikisomwa kutoka Kyela, basi, riwaya hiyo haiukani usawa. Inahoji ni nani anayeuanzisha: wanarika wenyewe au dola.