Mgogoro wa Mirambo na Unyanyembe

Mgogoro wa Mirambo na Unyanyembe ulikuwa ugomvi wa mipaka, njia za biashara na madaraka katika Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, kuanzia takriban mwaka 1870 hadi 1884. Upande mmoja alikuwepo mtemi Mirambo wa Urambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884). Upande wa pili walikuwepo watemi wa Unyanyembe pamoja na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, ambao walimtegemea Sultani wa Zanzibar. Nyuma ya Sultani alikuwepo konseli wa Uingereza.

Mirambo hukumbukwa zaidi kama mpiganaji. Hata hivyo sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho aliitumia katika barua, zawadi na wajumbe, akitafuta jambo moja: atambuliwe na Zanzibar na Waingereza kuwa mtawala wa nchi yake mwenyewe, si mnyang'anyi wa njiani.

Nchi na watemi wake

Unyamwezi wa karne ya 19 haukuwa dola moja. Ulikuwa mkusanyiko wa nchi ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake. Mipaka kati yao haikuchorwa popote. Ilijulikana kwa mapori, mito na vijiji vilivyopeleka kodi, hasa pembe za ndovu, kwa mtemi huyu au yule. Kijiji kilichobadilisha mahali pa kupeleka kodi kilikuwa kimehamisha mpaka.

Unyanyembe ilikuwa nchi yenye nguvu kuliko nyingine kwa sababu Tabora ilikuwa ndani yake. Hapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, lingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waarabu, wengi wao wenye asili ya Omani na Zanzibar, walijenga tembe zao Tabora na Kwihara, wakaingia pia katika siasa za utemi. Mtemi Mnwa Sele alipotaka kuwatoza kodi walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Mnwa Sele aliendelea kupigana porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Watemi wengine waliliona jambo hilo, na bila shaka Mirambo naye aliliona.

Jina la kuzaliwa la Mirambo lilikuwa Mbula Mtelya. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi mwa Tabora. "Mirambo" ni jina la vita lenye maana ya maiti nyingi. Baada ya kumrithi baba yake aliziunganisha nchi za jirani moja baada ya nyingine, akitumia vikosi vya rugaruga, yaani vijana wenye bunduki walioishi kwa vita na nyara. Alijifunza pia mbinu za Watuta, kundi la Wangoni lililofika Unyamwezi kutoka kusini. Nchi yake mpya iliitwa Urambo, na mji wake mkuu ukawa Iselamagazi.

Vita vya 1871

Urambo ilikaa juu ya njia ya Ujiji. Kwa desturi, kila msafara ulilipa hongo kwa mtemi ambaye ulipita nchini mwake. (Neno hilo siku hizi lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru halali, na kulikataa ni kukataa kwamba nchi ina mwenyewe.) Mwaka 1871 msafara wa Waarabu ulifika kwa Mirambo. Kwa maelezo ya Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo akielekea kumtafuta David Livingstone, Mirambo alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipolipwa alikataa hata hivyo kuwapitisha, akatangaza kwamba hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita tena wakati yeye angali hai. Inafaa kukumbuka kwamba Stanley aliisikia habari hiyo kwa Waarabu, na yeye mwenyewe alipigana upande wao. Mirambo kwa upande wake aliwalaumu watu wa Unyanyembe kwa kuwahifadhi maadui zake.

Mwanzoni mwa Agosti 1871 Waarabu walitoka Tabora na jeshi ambalo Stanley alihesabu kuwa la watu 2,255. Waliteka Zimbizo bila shida. Kisha kikosi chini ya kijana Soud bin Said kiliingia Wilyankuru, kikabeba nyara, na kikiwa njiani kurudi kikavamiwa kutoka kwenye nyasi ndefu. Soud aliuawa na waliobaki walikimbia ovyo. Tarehe 22 Agosti Mirambo mwenyewe aliingia Tabora. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka kumkabili, akaachwa na watu wake na kuuawa. Sehemu ya mji ilichomwa moto.

Stanley alilazimika kufika Ujiji kwa njia ndefu ya kusini. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa bila mshindi. Sultani Barghash alipeleka askari kutoka pwani, lakini hawakuweza kuimaliza Urambo, na gharama yao ilikuwa kubwa. Pembe za ndovu zilichelewa, wapagazi walipungua, bei zikapanda hadi Zanzibar. Kufikia mwaka 1876 pande zote mbili zilikuwa zimechoka na amani ya namna fulani ikapatikana. Mpaka haukuamuliwa; njia tu ilifunguliwa.

Diplomasia na Zanzibar na Uingereza

Aprili 1876 Stanley alipita tena, safari hii akitoka Buganda. Alikutana na Mirambo mahali alipopaita Serombo. Alitarajia kumwona jambazi, akamkuta mtu mpole, msemaji wa taratibu. Walifanya undugu wa kuchanjana damu, na baadaye Stanley alimlinganisha na Napoleon Bonaparte. Ndiyo maana jina la "Napoleon wa Afrika" limeganda hadi leo, ingawa halisemi lolote kuhusu utemi wa Kinyamwezi.

Kuanzia hapo Mirambo alitafuta marafiki wa kigeni kwa makusudi. Mfanyabiashara Mswisi Philippe Broyon alioa binti yake na kununua pembe zake bila kupitia Tabora. Mwaka 1879 alimpokea daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyekaa Urambo hadi alipofariki mwaka 1882 baada ya kuumizwa na risasi kwa ajali. Southon alitibu watu, lakini kwa Mirambo alikuwa pia njia ya kuwasiliana na John Kirk, konseli wa Uingereza huko Zanzibar.

Kirk alikuwa na hesabu yake. Uingereza haikuwa na koloni huku; ilitawala kwa ushawishi kupitia Sultani. Kwa hiyo ilimfaa kusema kwamba mamlaka ya Barghash yalifika mpaka Tabora na kupita hapo. Lakini Waarabu wa Tabora hawakumtii Sultani sana, na mtawala mmoja mwenye nguvu ambaye angelinda njia alikuwa na faida. Polepole Kirk alianza kumwona Mirambo kama mtu wa kufanya naye kazi. Mirambo naye alitaka urafiki wa Waingereza uwe ngao dhidi ya Tabora, ili biashara yake ifike pwani moja kwa moja. Kila mmoja alitaka kumtumia mwenzake, na kwa muda ilielekea kufanikiwa.

Mauaji ya Carter na Cadenhead

Yote yaliharibika Juni 1880. Waingereza wawili, Frederick Carter na Thomas Cadenhead, walikuwa katika utumishi wa shirika la kimataifa la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Carter alikuwa ameleta tembo wanne wa India kujaribu kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Wote wanne walikufa. Wawili hao walikuwa Mpimbwe, kusini mwa Urambo, wakati majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba yalipoushambulia mji huo. Waliuawa katika mapigano.

Mirambo alieleza kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu, na Southon alimtetea. Hakuna sababu nzuri ya kufikiri kwamba aliyetafuta urafiki wa Waingereza kwa miaka minne angewaua Waingereza kwa kupenda. Lakini jeshi lilikuwa lake na vita vilikuwa vyake. Kirk alimgeukia. Mazungumzo ya kumtambua yalikufa, na Kirk akarudi kwenye sera ya kumwimarisha Sultani bara. Kituo cha askari wa Zanzibar chini ya Mwingereza Lloyd Mathews kiliwekwa Mamboya, Usagara, mbali sana na Urambo lakini juu ya njia yake ya kwenda baharini.

Udhaifu wa mpango wa Mirambo ulionekana wazi hapo. Rugaruga waliishi kwa nyara, hivyo hakuweza kuwapumzisha. Na kila vita vipya vilihatarisha urafiki alioujenga kwa barua.

Mpaka wa kaskazini na kifo

Tangu hapo nguvu zake zilielekea zaidi kaskazini, upande wa Usumbwa na nchi za Kahama. Hizo ndizo nchi zilizokaa kati ya Urambo na njia ya Buganda. Watemi wa huko walikuwa wadogo na Watuta waliwavamia mara kwa mara, wakati mwingine kama marafiki wa Mirambo, wakati mwingine kwa faida yao wenyewe. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 karibu na mji wa Kahama na kufungwa mwaka 2021, ulikuwa katika ukanda huohuo.

Mwishoni mwa 1884 Mirambo, tayari akiwa mgonjwa, alikwenda kupigana na mtemi Kapela wa Ukune. Alifariki huko tarehe 2 Desemba 1884, mji wa adui ukiwa haujatekwa.

Baada ya Mirambo

Ndugu yake Mpandashalo alirithi Urambo, lakini nchi nyingi zilizounganishwa kwa nguvu zilijitenga. Mpandashalo aliuawa mwaka 1890 katika vita na Wangoni.

Wakati huo mambo ya mipaka yalikuwa yakiamuliwa kwingine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 ulimwachia Sultani pwani yenye upana wa maili kumi tu, na ule wa 1 Julai 1890 ukathibitisha bara yote ya Tanganyika kuwa eneo la Ujerumani. Unyamwezi haukuulizwa. Agosti 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora kwa makubaliano na Waarabu. Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyemrithi Mkasiwa na aliyekuwa hasimu wa Mirambo, alikataa. Januari 1893 Wajerumani waliingia katika boma lake. Isike aliwasha baruti na kujilipua.

Leo Urambo ni wilaya ya Mkoa wa Tabora, na Ukune iko upande wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga.