Manjano kwa mtoto mchanga: mwangalie kwenye mwanga wa mchana

Manjano ni hali ya ngozi na weupe wa macho kugeuka njano. Si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Husababishwa na bilirubini, taka inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga wengi huipata siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ikizidi sana huharibu ubongo, na madhara hayo hayaponi.

Kwa nini unaweza usiione?

Shuka jeupe utaliona jeupe mchana, na usiku kwenye koroboi pia, ingawa mwanga wa koroboi una unjano mwingi. Ubongo hulinganisha vitu vilivyo pamoja, hukisia rangi ya mwanga, kisha huiondoa. Lakini uwezo huo una mipaka. Kwenye koroboi kila kitu kina unjano, hivyo unjano kidogo wa ngozi hupotea humo.

Kamera ya simu nayo hukisia. Programu yake hupima rangi za picha nzima. Rangi moja ikizidi, huweza kudhani imetoka kwenye taa, ikaipunguza. Mtoto aliyefunikwa kitenge cha njano anaweza kuonekana pichani hana tatizo. Usimtumie bibi au muuguzi picha ukadhani umeshampima mtoto.

Mwangalie hivi

- Mtoe mlangoni au kivulini mchana, mbali na turubai au nguo ya rangi kali.
- Bonyeza kidogo paji la uso au kifua kwa kidole, achia, tazama rangi ya ngozi mara moja.
- Kwa ngozi nyeusi, tazama zaidi weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa:

- manjano imetokea ndani ya saa 24 tangu azaliwe;
- viganja au nyayo ni za njano;
- hanyonyi vizuri, analala mno, ana homa au degedege.

Manjano ikidumu zaidi ya siku 14, au choo kikiwa cheupe, mpeleke pia.

Kumwotesha jua nyumbani si tiba ya kutegemea. Endelea kumnyonyesha mara kwa mara. Jicho huonyesha dalili tu. Kiwango cha bilirubini hujulikana kwa kipimo. Ukiwa na shaka, iwe uko Manyoni, Iramba au Singida mjini, usisubiri kupambazuke.