Kalenda Mbili: Historia ya Programu-jalizi za Taarifa za Afya na Masasisho ya Programu Kuu, kwa Kuangazia Mkoa wa Rukwa

Katika zahanati za uwanda wa Ufipa, kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, mwezi wa mtumishi wa afya huisha siku chache baada ya mwezi wa kalenda. Madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hujumlishwa, fomu za muhtasari hujazwa, na ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata fomu hizo hutakiwa ziwe zimefika halmashauri: Matai kwa Wilaya ya Kalambo, Namanyere kwa Nkasi, na kwa Manispaa, mjini Sumbawanga, mji ambao jina lake la awali, Mazwi, limebaki katika mojawapo ya kata zake. Hapo ndipo tarakimu huingizwa katika programu ya DHIS2 kabla ya katikati ya mwezi. Kati ya Novemba na Aprili, mvua inapokatiza njia za kushuka bonde la Ziwa Rukwa au za kwenda mwambao wa Ziwa Tanganyika, siku hizo chache huwa chache zaidi.

Kalenda ya pili hupangwa mbali na hapo. DHIS2 hutengenezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na kwa miaka mingi ilitoa toleo jipya zaidi ya mara moja kwa mwaka. Baina ya kalenda hizo mbili zimo programu ndogo zilizoandikwa Tanzania ili kufanya kazi ambazo programu kuu haizifanyi, au haizifanyi kwa namna inayotakiwa na Wizara. Insha hii inaziita programu-jalizi, kwa kuwa kujaliza ni kuongezea hadi pengo lijae. Na jina hilo linatumika hapa kwa kila programu isiyoweza kusimama bila programu kuu. Hoja inayotetewa ni kwamba utangamano wa programu-jalizi na programu kuu, katika historia ya taarifa za afya nchini, haukulindwa hasa na watengenezaji wa Oslo wala na kanuni za kiufundi peke yake. Ulilindwa pia kwa kuchelewa kwa makusudi, na kuchelewa huko kumekuwa kukisomwa vibaya kama uzembe.

Mwanzo wa historia hii ni wa kawaida kabisa. Mpango wa Mifumo ya Taarifa za Afya, unaofahamika kwa kifupi HISP, ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, na toleo la kwanza la DHIS lilijengwa juu ya Microsoft Access. Tanzania iliupokea mapema katika miaka ya 2000 kupitia Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bagamoyo na Kibaha zikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kulijaribu. Wakati huo hapakuwa na programu-jalizi kwa maana ya leo. Palikuwa na majedwali ya Excel yaliyofungwa kwenye hifadhidata ya Access, na kila jedwali lilisoma majina ya safu kama yalivyoandikwa ndani. Hata hivyo, tatizo lilikuwa lile lile. Faili la Access 97 halikuweza kufanyiwa marekebisho katika Access 2000 bila kugeuzwa kwanza, na likishageuzwa, kompyuta iliyobaki na toleo la 97 haikuweza tena kulifungua. Wilaya yenye kompyuta mbili za umri tofauti ilikuwa tayari na suala la utangamano, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

DHIS2 iliandikwa upya kwa lugha ya Java kuanzia mwaka 2004 na kuanza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Hapa ndipo mgogoro ulipopata umbo lake. Nchi iliyotaka ripoti yake ya pekee iliandika moduli ya Java na kuiunganisha ndani ya programu kuu yenyewe, kisha vyote viwili vikafungwa kuwa faili moja la kuwekwa kwenye seva. Moduli ya namna hiyo iliweza kufika kila mahali: iligusa jedwali lolote la hifadhidata na kuita kazi yoyote ya ndani. Uwezo huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Mtengenezaji wa Oslo aliyebadilisha jina la kazi ya ndani hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna moduli ya mbali iliyokuwa ikiitegemea, na moduli hiyo ilipoharibika, ilizuia programu nzima isijengwe. Kundi la India, lililoandika moduli nyingi za aina hiyo, lilijikuta likitunza kitu kilichokaribia kuwa programu nyingine.

Kenya ilitandaza DHIS2 nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011. Tanzania ilianza na Mkoa wa Pwani, na kufikia mwisho wa 2013 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeingia, Rukwa ikiwamo. Inafaa kukumbuka kwamba Rukwa iliyoingia katika mfumo haikuwa Rukwa ya zamani. Mwaka 2012 Mpanda na maeneo yake yalikatwa kuunda Mkoa wa Katavi, na mwaka huo huo Kalambo ikatengwa kuwa wilaya. Jambo hili litarudiwa mbele, kwa sababu mipaka ya utawala ni sehemu ya programu kuu kuliko inavyodhaniwa.

Katika kipindi hicho hicho mtindo wa moduli za Java uliachwa polepole. Badala yake, programu-jalizi ikawa faili la zipu lenye kurasa za wavuti na faili dogo la maelezo. Haikuruhusiwa tena kugusa hifadhidata. Ilitakiwa kuuliza kupitia kiolesura cha programu, yaani mlango rasmi ambao programu kuu hupokelea maswali na kutolea majibu. Mabadiliko haya yalikuwa na matunda. Programu-jalizi ikiharibika, ilianguka peke yake. Watengenezaji wa Dar es Salaam waliweza kuandika na kutoa kazi yao bila kusubiri Oslo, na baadhi ya kazi hizo zilitumika hata nje ya Tanzania.

Mfano mzuri ni kadi ya alama. Mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alizindua kadi ya alama ya afya ya uzazi, mama na mtoto, ambayo ililinganisha mikoa kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Programu-jalizi za kutengeneza kadi za namna hiyo ndani ya DHIS2 zilifuata, mojawapo ikiwa Interactive Scorecard ya HISP Tanzania, kundi lenye mizizi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rangi katika kadi si pambo. Mkoa wenye nyekundu kwenye idadi ya akina mama wanaojifungulia vituoni huulizwa sababu, na anayeulizwa ni mganga mkuu wa mkoa aliyeko Sumbawanga, si aliyeandika programu. Kwa hiyo programu-jalizi iliyogoma kufunguka baada ya sasisho si hatari kubwa, kwa kuwa kila mtu huona kwamba imegoma. Hatari ni ile inayofunguka vizuri, ikaweka rangi, ilhali mojawapo ya namba inazojumlisha haipatikani tena mahali ilipozoea kuitafuta.

Oslo ililitambua tatizo hili. Kuanzia toleo la 2.25 kiolesura kilipewa namba za matoleo, na kanuni ikawekwa kwamba kila toleo la programu kuu litaheshimu namba tatu za mwisho. Toleo la 2.30 lingejibu maswali yaliyoandikwa kwa namba 30, 29 na 28. Kanuni inaonekana ya ukarimu hadi inapopigiwa hesabu. Toleo la 2.30 lilitoka mwaka 2018 na la 2.33 likatoka mwaka 2019. Programu-jalizi iliyoandikwa kwa namba 30 ilipoteza dhamana yake katika muda usiofika miaka miwili, muda ambao katika mzunguko wa bajeti ya halmashauri hautoshi hata kununua kompyuta iliyoombwa. Mwandishi wa programu-jalizi aliweza pia kutotaja namba yoyote, na hapo angepata kila mara tabia mpya ya programu kuu, iwe alijiandaa nayo au la. Alichagua kati ya kuvunjika kwa tarehe inayojulikana na kuvunjika kwa tarehe isiyojulikana.

Zaidi ya hayo, nyaraka za DHIS2 zenyewe zilionya kwamba namba za kiolesura hazihusu muundo wa metadata, yaani orodha ya vipengele vya takwimu, fomu, viashiria na vituo. Onyo hilo ni la sentensi chache tu, lakini kwa historia ya Tanzania ndilo lenye uzito mkubwa. Kila kitu ndani ya DHIS2 hutambulishwa kwa alama ya herufi na tarakimu 11. Programu-jalizi nyingi huhifadhi alama hizo. Wizara inapopitia upya vitabu vya MTUHA na kuunda kipengele kipya badala ya kile cha zamani, alama hubadilika, na programu-jalizi iliyohifadhi ya zamani huendelea kuuliza kitu ambacho hakijazwi tena. Programu kuu haijasasishwa hata kidogo. Utangamano umevunjika kutoka upande wa daftari.

Mipaka ya utawala huleta shida ya aina hiyo hiyo. DHIS2 huhifadhi mti mmoja wa vituo, halmashauri na mikoa, kama ulivyo sasa. Haitunzi mti wa jana. Kituo kikihamishwa, takwimu zake za nyuma huhama nacho. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya, jirani wa Rukwa kwa njia ya Tunduma alibadilika, na ripoti ya Mbeya ya mwaka 2014 ikichotwa katika mti mpya ni ya Mbeya ambayo mwaka huo haikuwapo. Programu-jalizi inayouliza mti kila mara itatoa Mbeya mpya; iliyohifadhi orodha yake ya wilaya itaendelea kutoa Mbeya ya zamani. Zote mbili zitakuwa sahihi kwa mantiki yake, na mtafiti anayezilinganisha bila kujua hili atadhani amegundua kushuka kwa huduma.

Uzoefu wa Kenya katika mfumo wa OpenMRS unasaidia kulinganisha. OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 kwa wagonjwa wa VVU, ilijengwa tangu mwanzo kwa moduli, na kila moduli hutakiwa kutangaza toleo la programu kuu inalolihitaji, isipotimizwa, haianzi. Watengenezaji walipofika toleo la 2.0 la kiini chake mwaka 2016, waliondoa hata kurasa za zamani za mtumiaji na kuzifanya moduli ya kuwekwa kwa hiari. Njia hiyo ni ya uaminifu zaidi, kwani moduli isiyolingana hukataa waziwazi. Lakini hospitali moja inaweza kuamua kuacha moduli. Mkoa hauwezi kuamua kuacha fomu ya Wizara.

Kutokana na hali hiyo, kusogeza programu kuu ya taifa kulikuja kutegemea zaidi ya kutoka kwa toleo. Seva ni moja, na watumiaji wake wamo katika kila halmashauri nchini. Sasisho linalofanyika kati ya tarehe 7 na katikati ya mwezi huwakuta waingizaji wa takwimu wote wakiwa kazini. Linalofanyika karibu na mwisho wa robo mwaka hukuta kadi za alama zinaandaliwa. Kwa Sumbawanga, ambako umeme kwa muda mrefu uliletwa kutoka Zambia na kusaidiwa na jenereta, siku moja ya mfumo kutofunguka inaweza kuangukia siku pekee ambayo kila kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi. Kubaki katika toleo ambalo programu-jalizi zote zimeshathibitishwa kufanya kazi ni uamuzi wenye hoja. Mtazamo unaopima ukomavu wa nchi kwa namba ya toleo lake hauoni hoja hiyo.

Uamuzi huo una gharama, na haifai kuufanya uonekane mtakatifu. Matoleo ya zamani huacha kupokea viraka vya usalama. Desemba 2021 udhaifu wa maktaba ya Log4j ulipotangazwa, wasimamizi wa programu za Java duniani kote walilazimika kuchunguza mifumo yao kwa haraka, na aliyekuwa nyuma sana ya matoleo yanayotunzwa alikuwa na njia chache kuliko mwenzake. Aidha, kadiri mfumo unavyobaki nyuma ndivyo hatua ya kusogea inavyokuwa ndefu, na programu-jalizi ambayo ingerekebishwa kidogo kidogo huhitaji kuandikwa upya, pengine baada ya aliyeiandika kuhitimu masomo na kuajiriwa kwingine. Sehemu kubwa ya kazi hii nchini imefanywa na vijana waliokuwa chuoni; ujuzi wa kwa nini mstari fulani uliandikwa hivyo mara nyingi uliondoka nao.

Katika miaka ya karibuni Oslo imebadilisha mwelekeo tena. Programu nyingi zilizokuwa zikitolewa pamoja na programu kuu sasa zinaweza kusasishwa moja moja, na ghala rasmi la programu-jalizi humtaka mwandishi kutaja toleo la chini ambalo kazi yake inalikubali. Kuanzia toleo la 40, la mwaka 2023, programu-jalizi inaweza kuwekwa ndani ya dashibodi yenyewe badala ya kukaa kando. Wakati huo huo programu ya zamani ya kuingiza takwimu inapisha mpya iliyoandikwa upya, na fomu maalumu zilizobeba skripti za nchi husika, ambazo zilitegemea vitu vya ndani vya ile ya zamani, hazina hakika ya kufanya kazi katika mpya. Fomu hizo ndizo zinazofanana kwa umbo na karatasi za MTUHA, safu kwa safu. Mwingizaji wa takwimu wa Matai au Namanyere husoma karatasi kwa jicho moja na skrini kwa jingine. Safu ikihama kwenye skrini bila kuhama kwenye karatasi, namba ya watoto waliozaliwa hai inaweza kuandikwa mahali pa waliozaliwa wafu, na hakuna toleo la kiolesura, jipya wala la zamani, litakalolikataa kosa hilo.