Nambari ya Pili

Kuna mrushaji wa miaka 23 kwenye laptopu yangu ambaye kwa misimu minne nimekataa kumwacha. Si mtu wa kweli. Alizaliwa ndani ya Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn mwishoni mwa miaka ya 1990. Humo kila chipukizi ana nambari mbili: uwezo wake wa leo, na ule anaotarajiwa kufikia. Kipimo kinaanzia 20 hadi 80. Huyu wangu alikuja na 35 na 70. Nilimpendea hiyo 70.

Kabla hujanicheka, ati Mkenya na besiboli, kumbuka FPL inayokunyima usingizi kila Ijumaa. Nyanya yake ni besiboli. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake walianza ligi yao New York, wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Walinunua wachezaji wa kweli kwa mnada wa wao kwa wao, kisha takwimu za uwanjani zikaamua nani bingwa. Mwaka 1991 Andrew Wainstein akapeleka wazo hilo kwa soka ya Uingereza. Mengine unayajua, hasa kama ulimwacha mfungaji wako benchi.

Lakini kulea chipukizi ni kazi ya zamani zaidi, na ilizaliwa na ukosefu wa pesa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Branch Rickey alikuwa akiendesha St. Louis Cardinals, klabu iliyosota. Kila akimwona kijana mzuri kwenye ligi ndogo, matajiri walimzidi bei. Basi akaanza kununua klabu zenyewe za ligi ndogo, moja baada ya nyingine, akisajili vijana wengi kwa bei ya chini na kungoja wachache waive. Kufikia 1940 alikuwa na timu 32 na wachezaji zaidi ya 600. Kikosi cha juu kilikuwa na nafasi 25 tu. Piga hesabu mwenyewe. Waliobaki waliendelea kungoja, na hawangeweza kuhama kwa hiari yao, maana mkataba ulimfunga mchezaji mpaka klabu imwachilie.

Mwaka 1938 kamishna Kenesaw Mountain Landis aliwatoa zaidi ya 70 kwa mkupuo mmoja. Mmoja wao, Pete Reiser, akaishia Brooklyn. Miaka mitatu baadaye alikuwa mpigaji mwenye wastani bora zaidi katika National League.

Ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni Brien Taylor. Mwaka 1991 Yankees walimchagua wa kwanza kabisa nchini Marekani, wakampa dola milioni 1.55. Desemba 1993 akaumia bega katika ugomvi uliomhusu kaka yake. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Na sidhani maskauti walikosea. Ile nambari ya pili ilikuwa sawa siku waliyoiandika.

Mimi pia niliandikiwa yangu. Nilipopata nafasi ya chuo, kule Kakamega kulifanywa harambee, mjomba akauza ng'ombe. Niliacha mwaka wa tatu. Sasa naandika, nalipwa kwa makala, wakati mwingine silipwi. Mjomba hupiga simu kila mwezi.

"Mpwa wangu, shule utarudi lini?"

"Niko kazini, mjomba."

"Hiyo najua. Nimeuliza shule."

Si mtu mbaya. Rickey angemwelewa vizuri: umeweka mali yako, unangoja. Shida ni kwamba nikimsikia, najua bado anasoma ile 70, na mimi sijapata namna ya kumwambia kwamba ilishashuka, au labda ilihamia kazi nyingine.

Wiki jana ya mrushaji wangu ilishuka pia, ikawa 45. Nilihitaji nafasi kikosini, nikamwachilia. Siku mbili za mchezo baadaye Pittsburgh wakamchukua.

Sasa nikiwasha laptopu usiku, naangalia kwanza matokeo ya Pittsburgh.