Sifa ya Papa

Ukimwambia mtu wa bara kwamba chombo hupakwa sifa, atadhani unatunga shairi. Nungwi, kaskazini ya Unguja, nilikokulia, sifa tuliijua kwa pua kabla ya kuijua kwa maana nyingine yoyote. Ni mafuta ya maini ya papa. Maini huachwa juani ndani ya debe, au hupikwa mpaka yateme mafuta, kisha mbao za jahazi zikapakwa zisipasuke kwa jua. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Sifa ni ya juu. Nguo ikishashika harufu yake, sabuni haina la kufanya. Mama alikuwa na kamba ya peke yake ya kuanikia nguo za ami.

Ami alivua papa wadogo. Nasisitiza wadogo kwa sababu habari za papa wa pwani hii zimeandikwa kwa papa wakubwa: wanaonaswa na jarife, wanaokatwa mapezi, wanaojaa majahazini. Papa wa ami alikuwa na urefu wa mkono, akizidi sana dhiraa mbili. Hakuingia katika daftari la forodha hata siku moja. Alfajiri anatolewa majini, adhuhuri yumo chunguni.

Basi kumtafuta katika historia ni shida, na shida ya kwanza ni mwili wake mwenyewe. Papa hana mifupa. Ana gegedu, nayo huoza. Yanayobaki ni meno na pingili za uti wa mgongo, vile vigurudumu ambavyo sisi watoto tulivitunga kwenye uzi. Mgiriki mmoja aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 alieleza mitumbwi na vyombo vya kushonwa vya kisiwa alichokiita Menuthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Alieleza hata mitego ya kusukwa, na mtu wa pwani akisoma ataiona dema. Papa hakumtaja. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochambua mabaki ya samaki katika miji ya kale ya Waswahili wanaona kwamba karne za mwanzo watu walikula zaidi samaki wa miambani na wa karibu na ufuo, na kwamba baada ya mwaka 1000 hivi ndipo samaki wa maji ya nje wanapoongezeka, papa wakiwemo. Hapo wataalamu husema Waswahili walizidi kuwa watu wa bahari.

Sina ugomvi na pingili zao. Ila papa mdogo hahitaji kufuatwa bahari kuu. Wakati wa bamvua huingia mwenyewe kwenye mikondo ya mikoko, mgongo karibu nje ya maji, akifukuza vibua. Mtu mwenye mtumbwi wa mwembe na ndoana moja anamtosha.

Sisi tulikuwa na ngalawa. Tulitoka baada ya Isha, usiku wa giza, tukatia nanga upande wa Tumbatu penye mchanga. Mshipi ulikuwa wa nailoni, lakini dhiraa ya mwisho ilikuwa waya. Watu hudhani waya ni kwa sababu ya meno tu. Ni kwa sababu ya ngozi pia: papa akifika karibu na chombo hujiviringisha, anajifunga mshipi mwilini, na ngozi yake inaukata kama msasa. Chambo kilikuwa nusu ya kibua, upande wa kichwa. Changu hudonoa. Papa huchukua akaondoka nacho taratibu, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, na ukikurupuka kumvuta hapo umemkosa.

"Mwache aende," ami alikuwa akininong'oneza. "Mwache. Sasa."

Ngalawa ni nyembamba; miguu yako na papa mnalala kitanda kimoja. Ami alimpiga rungu puani, akampasua na kutoa matumbo papo hapo, damu ikaenda baharini. Mimi niliamini siku moja kwamba aliyepigwa rungu amekufa, na gumba langu la kushoto lina alama mpaka leo.

Haraka ile ya kumpasua ina sababu. Nyama ya papa ina yurea, ndiyo inayomwezesha kuishi katika chumvi ya bahari, na akishakufa yurea hugeuka amonia. Papa aliyecheleweshwa hunuka choo. Mama hakujua amonia, alijua saa. Alimmwagia maji ya moto, akamparuza ngozi, akamchemsha kwa ndimu, maji yale akayamwaga, kisha akamchambua nyuzinyuzi na kumrudisha chunguni kwa bizari, pilipili mbichi, embe mbichi na tui zito. Huliwa kwa muhogo. Aliyebaki alitiwa chumvi akaanikwa.

Na hapa pana jambo ambalo bado linanichekesha: kisiwa kilichokuwa kikivua papa kilikuwa pia kikinunua papa. Kila kaskazi majahazi kutoka Shihiri na Makalla yaliteremka na tende, chumvi, ng'onda na papa mkavu mgumu kama gome, na kusi ikishika yakarudi na boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwaiti kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji kati ya 1938 na 1939, aliiandika biashara hiyo ilipokuwa ukingoni. Wazee wetu walimsifu papa wa Shihiri kuliko wa ami. Papa wa ami alikuwa bora, nasema bila upendeleo, lakini hakuwa amesafiri.

Hata mafuta yetu yalipata thamani mbali nasi. Vita vya Pili vilipofunga mafuta ya ini la chewa wa Norwei, nchi kadhaa ziliyakimbilia maini ya papa kwa ajili ya vitamini A, zikawanywesha watoto kwa kijiko, mpaka vitamini hiyo ilipoanza kutengenezwa viwandani mwishoni mwa miaka ya 1940. Nungwi yalibaki ya mbao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majahazi ya kaskazi yalipungua, na miaka ya mwanzo ya 1970 mchele ukawa wa foleni. Ndipo papa mdogo alipopanda cheo. Watu waliokuwa wakiziba pua walimngoja ami pwani na vikapu.

Ami alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa wakati ule. Kila papa alimgeuza tumbo juu na kupitisha kidole katikati ya mapezi ya kifuani. Papa wengi huzaa, hawatagi. Kwa baadhi yao mtoto huungwa na mama yake kwa kiungamwana, na akizaliwa ana kovu hapo, kitovu kabisa. "Huyu bado ana kitovu," alisema, akamweka kando. Hakumrudisha baharini, nisiwadanganye. Lakini hakumpeleka mnadani. Wenye kitovu tulikula nyumbani, na alikula kimya.

Siku hizi papa wana mkataba wa kimataifa: pingusi waliingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2013, na mwaka 2022 ikafuata karibu jamaa nzima ya papa wa kawaida. Mkataba huo unatazama mizigo inayovuka mipaka. Chungu cha muhogo haukioni.

Mwaka jana nilipita sokoni Darajani. Juu ya meza ya saruji walipangwa papa kumi na wawili, wote sawa, urefu wa mkono. Nikamgeuza wa kwanza, nikapitisha kidole. Nikamgeuza wa pili.

"Mzee," muuzaji akasema, "nunua basi, usiwapapase tu."

Nikanunua wawili. Akanifungia kwenye gazeti.